Jina Linalokosekana Kwenye Muhtasari wa Ukoo

Wiki ya mwisho kabla ya Krismasi, mabasi ya Moshi, Marangu na Rombo huondoka Kituo cha Magufuli, Mbezi, Dar es Salaam, yamejaa mpaka siti ya mwisho. Wachaga wanarudi nyumbani kuchinja, kunywa mbege na kusafisha makaburi yaliyo ndani ya kihamba chenyewe, shamba la ukoo, kati ya migomba na kahawa. Na kwa kuwa kila mtu yupo, ndipo kikao cha mirathi kinapoitishwa.

Nyumba ya marehemu hufunguliwa chumba kwa chumba. Binti anapangua kabati la baba yake, anatoa suti, anatoa karatasi za shamba, na chini ya gazeti lililotandikwa kwenye droo anakuta bahasha ya kaki. Ndani mna risiti za ada za shule moja ya Mwanza, za miaka sita mfululizo. Jina la mwanafunzi halijui, ila jina la ukoo ni lao. Shangazi akiulizwa anainamisha macho. Kumbe alijua. Mama mkubwa naye alijua, hata jirani wa upande wa pili wa ua wa masale alijua.

Mambo haya hayana kabila wala dini. Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kesi iliyoanzia Mombasa, ya mirathi ya baba Mwislamu, ikasema watoto waliozaliwa nje ya ndoa wasinyimwe urithi kwa sababu ya hali ya ndoa ya wazazi wao. Viongozi wengi wa Kiislamu waliupinga uamuzi huo wakisema unaingilia sheria yao ya mirathi. Lakini kabla ya hoja za kisheria kulikuwa na jambo la nyumbani kabisa: nani ahesabiwe mtoto, na nani aachwe.

Tanzania jambo hilo huamuliwa kwa kalamu ya katibu. Mtu akifa bila wosia, kikao cha ukoo hupendekeza msimamizi wa mirathi, muhtasari huandikwa, wajumbe hutia saini, karatasi hupelekwa Mahakama ya Mwanzo. Penye orodha ya warithi ndipo mtoto wa Mwanza anapopotelea. Hakuna anayemtukana, haandikwi tu. Na waliotia saini ni walewale walioijua siri miaka yote.

Huo ni uongo, hata kama unaitwa kulinda heshima ya marehemu.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumnyima mtoto manufaa ya haki katika mali ya mzazi wake. Wakati huohuo kanuni za mila zilizotangazwa 1963 zinasema mtoto wa nje ya ndoa harithi upande wa baba aliyekufa bila wosia. Kanuni hiyo ilistahili kufutwa zamani, maana inampa adhabu asiyetenda kosa. Inawapa pia wajumbe wa kikao pa kujificha.

Wapo wanaohofia matapeli, na hofu hiyo ina msingi, kwani msibani hujitokeza watu wa kila aina. Dawa yake ipo. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali hupima vinasaba, maombi yakipitia mahakamani, kwa wakili au kwa ofisa ustawi wa jamii. Hata baba akiwa ameshazikwa, ndugu waliobaki wanaweza kutoa sampuli zao. Anayetaka ukweli ujulikane hakosi njia.

Ila njia nyepesi kuliko zote iko mikononi mwa baba aliye hai. Aandike wosia, akitaka aukabidhi kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) wautunze, na amtaje mtoto huyo kwa jina lake kamili. Kabla ya hapo awaite mkewe na wanawe, awaambie kwa mdomo wake. Uchagani mwenye kuomba radhi huenda na jani la sale mkononi, na anayepelekewa jani hilo huona vigumu kukataa. Hakuna baba aliyewahi kulipeleka akiwa kaburini. Kazi hiyo humwangukia binti mwenye bahasha ya kaki.

Desemba hii katibu atafungua daftari lake barazani, chai ikiwa mezani na wazee wamejipanga kwenye viti vya plastiki. Atasoma majina ya watoto, mmoja baada ya mwingine. Kabla wajumbe hawajatia saini, mwenyekiti wa kikao na amgeukie shangazi, mbele ya wote, amuulize: "Dada, yupo mwingine?"