Gari si Msahafu

Agosti iliyopita nilikuwa na mgeni nyumbani, mshairi wa Mombasa, rafiki wa miaka mingi, mtu wa vina na mizani hata akiandika ujumbe wa simu. Nikampeleka Woodward Avenue. Ukiishi pande hizi za Detroit ukapata mgeni mwezi wa nane, humpeleki kwingine. Tangu 1995, kila Jumamosi ya tatu ya Agosti, barabara ile kuanzia Ferndale mpaka mji wa Pontiac hufurika magari ya zamani, na watu hubeba viti vyao wakaketi kandokando kama wanaongoja zefe lipite.

Tulisimama mbele ya Camaro ya 1969, boneti wazi. Ndani mlikuwa na injini mpya ya alumini, giaboksi ya gia sita, na nyuma ya rimu unaona breki za diski kubwa kama sinia la pilau. Mwenye gari, kijana mchangamfu, akatueleza yote aliyobadilisha. Rafiki yangu akasikiliza kwa adabu, kisha akanigeukia kwa Kiswahili: "Hawa wameua, ndugu yangu. Ni sawa na mtu achukue shairi la Muyaka, abakishe kina cha mwisho, maneno yote atie yake, halafu chini aandike Muyaka."

Nilinyamaza, na si kwa heshima ya mgeni tu. Nitaeleza sababu huko mbele. Leo najibu, na simjibu yeye peke yake, maana maneno hayo nayasikia kila wiki gerejini ninakofanya kazi, kutoka kwa watu ambao Muyaka hawamjui kabisa.

Kwa wasomaji ambao gari kwao ni kitu cha kukufikisha kazini: Wamarekani wana magari wanayoyaita ya misuli, ya miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, mabodi ya bei ya wastani yaliyobeba injini kubwa za V8. Gari la namna hiyo likitolewa matumbo yake likawekewa injini, breki, usukani na springi za leo, huku sura ikibaki ileile, huitwa restomodi. Wanaozipinga wana mashindano yao na waamuzi wao, wazee wenye tochi na makaratasi, wanaolala chini ya gari kusoma namba. Namba ya injini ilingane na ya chesesi. Rangi iwe ile ya kiwandani. Hata mipira na nati ziwe na alama za mwaka wake. Kisicholingana kinakata pointi.

Sasa hao walinzi wa asili waniambie: asili ipi?

Chukua Pontiac GTO ya 1964, ambayo wengi huihesabu kuwa baba wa ukoo huu. General Motors walikuwa na sheria yao ya ndani kwamba gari la ukubwa wa kati lisiwekewe injini inayozidi inchi za ujazo 330. John DeLorean na wenzake pale Pontiac wakachukua Tempest, gari la kawaida la baba kupeleka watoto shule, wakalipachika injini ya inchi 389 iliyokusudiwa magari makubwa zaidi. Ili wakubwa wasishtuke, hawakulitangaza kama gari jipya. Waliliandika kwenye orodha ya nyongeza za hiari, pale unapochagua redio na mazulia. Hata jina walilichukua kwa Ferrari. Walitarajia kuuza kama 5,000 hivi, yakauzwa 32,450. Yaani gari la kwanza la misuli lilikuwa restomodi ambayo haikuwa na subira ya kuzeeka.

Na hawakuwa peke yao. Don Yenko, muuza magari wa Canonsburg, Pennsylvania, alikuwa anapokea Camaro mpya kutoka Chevrolet na kuzitia injini ya inchi 427 ambayo kiwanda hakikuiruhusu ndani ya gari hilo. Leo Camaro hizo zinaabudiwa minadani, na waamuzi wetu wa tochi wanahakikisha kila uharibifu wa Yenko umehifadhiwa kama ulivyokuwa. Uharibifu ukitimiza miaka 50 unaitwa urithi. Ukifanywa leo unaitwa ughushi. Jamani!

Au tazama ile Mustang ya kijani ya filamu ya Bullitt, ya 1968. Ilinunuliwa na familia moja miaka ya 1970, mama wa nyumba akawa anaiendesha kwenda kufundisha shule, baadaye ikafichwa miaka mingi. Januari 2020 ikauzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 3, ikiwa na kutu na mikwaruzo yake. Wapenda asili walishangilia: mnaona, haijaguswa! Haijaguswa na nani? Kabla kamera haijawashwa, fundi Max Balchowsky alikuwa ameshaifumua na kuimarisha springi zake ili ihimili kuruka vilima vya San Francisco. Msahafu wao ule una mkono wa fundi ndani yake.

Nirudi kwa rafiki yangu, maana yeye alinipiga kwa silaha ya nyumbani. Muyaka alifariki karibu mwaka 1840. Mashairi yake hayakutufikia kama kitabu alichokipiga muhuri mwenyewe. Yalikaa vinywani mwa watu na kwenye karatasi za watu, Mwalimu Sikujua wa Mombasa na Mwingereza Taylor wakayakusanya, na Hichens akayatoa kama diwani mwaka 1940, kwa herufi za Kirumi ambazo Muyaka hakuziandikia. Mwana Kupona naye alitunga utendi wake 1858 kwa hati ya Kiarabu. Sisi wengine tumeusoma na nafasi kati ya maneno, na nukta, na mkato, na tahajia aliyoichagua mhariri. Kwa hiyo rafiki yangu aliponitajia Muyaka, alinitajia restomodi. Na ni restomodi nzuri! Bila ya mafundi hao mashairi yale yangekufa pamoja na wazee walioyahifadhi, nasi tungebaki na jina.

Atanijibu kwamba wahariri wale walibadilisha herufi tu, si maneno. Haya, tuingie ndani ya injini.

Injini inayowekwa kwenye restomodi nyingi za Chevrolet ni ya ukoo wa LS, ulioanza na Corvette ya 1997: lita 5.7, bloku ya alumini, nguvu za farasi 345. Waamuzi wakiiona husonya. Lakini ifungue. Silinda nane kwa umbo la V. Kamshafti moja tu, katikati ya bloku, inasukuma valvu kwa vijiti virefu, mtindo ambao viwanda vingi duniani vilikuwa vimeshauacha. Pima umbali kutoka katikati ya silinda moja hadi katikati ya jirani yake: inchi 4.4. Umbali huohuo ulikuwa kwenye V8 ndogo ya Chevrolet ya 1955. Miaka zaidi ya arobaini ilipita, wakabadilisha madini, vichwa, mafuta yanavyoingia, umeme unavyopigwa, na kile kipimo hawakukigusa. Wewe mshairi, hiyo unaiitaje? Mimi naiita mizani. Mjukuu ameandika maneno mapya ndani ya nane kwa nane ya babu yake.

(Na hizo namba za nguvu za zamani msizitegemee sana. Hadi 1971 viwanda vya Marekani vilipima injini ikiwa nje ya gari, haina bomba lake la moshi wala mizigo inayoizungusha. Mwaka 1972 wakaanza kutangaza vipimo vya injini iliyovaa vitu vyake vyote, na tarakimu zikaporomoka hata pale injini ilipokuwa ileile. Darasani tulifundishwa kwamba hiyo inaitwa chuku.)

Sasa nieleze kwa nini nilinyamaza pale Woodward.

Jirani yangu ni mzee mmoja aliyefanya kazi miaka thelathini na kitu kwenye kiwanda cha Ford pale Dearborn. Namwita Mzee, nilimfundisha neno hilo akalipenda. Anayo Mustang ya 1966, ya buluu, na husema kwamba huenda baadhi ya nati alizikaza mwenyewe. Wengine watasema Mustang ni farasi mdogo, si gari la misuli. Waacheni, hawajakaa ndani yake ikivuta. Mzee alikuwa akiipeleka kwa waamuzi kila kiangazi, na fundi wake nilikuwa mimi.

Gari lile, kama wenzake wengi wa wakati wake, lina breki za dramu magurudumu yote manne, na masta silinda ya chemba moja inayopeleka mafuta kote. Ukipasuka mpira mmoja, umepoteza breki zote. Mikanda ni ya kiunoni tu. Mti wa usukani ni chuma kizima kilichoelekezwa kifuani kwako. Tangi la petroli, hili wengi hawalijui, sehemu yake ya juu ndiyo sakafu ya buti, na kati ya buti na abiria wa nyuma kuna siti na kadibodi. Mwaka 1966 hayo yalikuwa mambo ya kawaida, simlaumu mtu.

Ninayemlaumu ni huyu anayeandika. Miaka minne iliyopita, nikiliandaa gari kwa mashindano, niliona mpira wa breki wa mbele kushoto una nyufa. Nilimwonyesha. Mzee akainama, akapangusa uchafu kwa kidole gumba, akanionyesha mhuri wa kiwandani, bado unasomeka. "Huu ndio wenyewe," akasema. "Kijana wangu, nikiutoa huu wananikata." Nikaubonyeza, nikaukunja, nikajiambia utafika mwisho wa kiangazi. Nikaurudisha.

Jioni ya Jumamosi ile tulikuwa tunarudi, mimi kwenye usukani maana macho yake hayapendi taa za usiku. Tuko maili 35 kwa saa. Taa nyekundu, nikakanyaga breki, pedali ikashuka hadi sakafuni kama natia mguu majini. Mbele yetu pikapu. Mimi nilitoka na kifua cheusi. Mzee, umri wa miaka 78, uso wake ulikutana na dashibodi ya chuma. Taya, mbavu tatu. Hajaendesha tena.

Kwa hiyo mtu akiniambia diski za mbele zinaharibu maandishi, mniwie radhi nikimkatiza. Nimeona uso wa msomaji wa maandishi hayo.

Nayakubali mawili, kisha niwaache. Zipo gari ambazo hazifai kuguswa. Plymouth Hemi 'Cuda ya 1971 isiyo na paa yalitengenezwa 11 tu. Anayelichukua mojawapo na msumeno nitasimama mlangoni kwake mimi mwenyewe. Lakini Mustang? Hadi Machi 1966 kiwanda kilikuwa kimeshatoa milioni moja. Hiyo si hati ya pekee iliyohifadhiwa mtungini, hilo ni gazeti la Jumapili.

La pili ni fedha, na hapa nawageukia wa upande wangu. Mwaka 1964 Mustang ilianzia dola 2,368, na kijana wa kiwandani aliweza kuipata kwa mshahara wake. Leo kuna restomodi zinazojengwa kwa mamia ya maelfu ya dola. Kila Novemba zinapangwa Las Vegas kwenye maonyesho ya SEMA, nguvu za farasi 1,000, ngozi nyeusi ndani, zote zimefanana utadhani zimeshonwa na fundi cherehani mmoja, kisha zinarudishwa nyumbani juu ya trela. Hizo ni vitabu vya majalada ya dhahabu visivyofunuliwa kurasa. Mwenye gari la namba zinazolingana, lililofunikwa shuka ghalani, na mwenye la Las Vegas, ni ndugu mapacha. Wanagombana mbele za watu tu. Restomodi ninayoitetea ni ya mtu anayekwenda nayo dukani mvua ikinyesha.

Mustang ya Mzee sasa iko gerejini kwangu. Nimetia masta silinda ya chemba mbili, diski mbele, mikanda ya begani, bati la chuma nyuma ya siti. Injini yake ya inchi 289 imebaki, nimeivua kabureta tu na kuiwekea mfumo wa kuingiza petroli kwa umeme. Mzee nilipomwomba ruhusa alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema, "Badilisha. Honi usiguse."

Mwanawe mkubwa hanisalimii tangu aliposikia. Anasema nimemuua baba yake mara ya pili, na baba yake yu hai, anatazama besiboli. Wiki jana alipita gerejini, hakuzima gari lake, akauliza tu kama vitu vya zamani nimevitupa. Nikamwambia dramu ziko kwenye boksi, nimezipaka mafuta zisile kutu, aje wakati wowote. Akauliza na ule mpira. Uko kwenye droo ya meza yangu. Umepasuka karibu na nati, urefu wa kidole, na mhuri bado unasomeka.