Tembe hii usiikate!

Msomaji, iwapo wewe au mzazi wako hutumia dawa ya shinikizo la damu, hebu chukua boksi lake ulitazame. Ukiona herufi LA, XL au SR, au neno Retard, baada ya jina la dawa, jua kwamba tembe hiyo imetengenezwa itoe dawa polepole. Haifai kutafunwa wala kupondwa, na usiikate kabla ya kuuliza.

Hapa Kisumu, kuanzia Kondele hadi Nyalenda, si ajabu mtu kuikata tembe vipande viwili ili aokoe pesa, au kumpondea mzee asiyeweza kumeza na kuichanganya na uji. Kwa tembe nyingi za kawaida huenda isidhuru. Kwa hizi ni hatari.

Chukua mfano wa nifedipini ya aina ya OROS, iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 1989 na ambayo humezwa mara moja kwa siku. Ganda lake hupitisha maji lakini haliyeyuki. Ndani mna tabaka mbili: moja ni dawa, ya pili ni polima, kitu kinachofura kikinywa maji, kama maharagwe yaliyolowekwa. Polima ikifura huisukuma dawa itoke kidogo kidogo kupitia kitundu kilichotobolewa kwa leza. Kazi hiyo huendelea kwa saa 24 hivi.

Ukiiponda, dawa ya siku nzima yaweza kuingia mwilini kwa pamoja. Shinikizo hushuka ghafla, moyo ukaenda mbio, mgonjwa akaanguka. Baadaye dawa huisha mapema na shinikizo hupanda tena.

Tena, ganda hilo hutoka na choo likiwa zima. Usidhani dawa haikufanya kazi, ukameza nyingine. Hilo ni ganda tupu.

Kwa maoni yangu, mgonjwa asitwikwe lawama. Anayeuziwa tembe tano tano ndani ya bahasha ataziona wapi herufi hizo? Muuza dawa ndiye mwenye boksi. Aandike juu ya bahasha: "Meza nzima, usikate." Asiyejua kusoma aelezwe kwa lugha anayoielewa, Kiswahili au Dholuo.

Nawe msomaji, ikiwa tembe inakushinda kumeza au bei imekulemea, usiikate wala usiache dawa. Mwambie daktari wako. Ziko dawa nyingine za shinikizo, na ni kazi yake kukutafutia inayokufaa.