Biashara huru siyo biashara ya bure: tuelewane juu ya maneno ya mpakani

Siku moja kwenye Petite Barrière, mama mmoja mwenye beseni la nyanya aliniuliza swali lililonitia haya, mimi niliyesomea uandishi wa habari chuo kikuu. «Ninyi waandishi mnasema tuko na biashara huru na jirani. Sasa mbona ningali nalipa?» Nilianza kumjibu, nikajikuta ninatoa Kifaransa kitupu: libre-échange, union douanière, marché commun. Akacheka, akabeba beseni lake, akaenda zake.

Tangu siku hiyo ninaona kosa ni letu, sisi tunaopeleka maneno kwa watu. Kwetu Goma, «huru» na «bure» vinakaa nyumba moja. Ukiambiwa njia iko huru, unapita bila kutoa kitu. Kwa hiyo tukisema biashara huru, mama anasikia kwamba hatalipa tena. Akifika mbele ya meza anaombwa feza, anaondoka akiamini kwamba mwandishi ni mwongo au afisa ni mwizi.

Kwa kweli jambo lenyewe ni dogo kuliko sauti yake. Biashara huru maana yake nchi zilizokubaliana zinaondoa ushuru wa forodha juu ya bidhaa zilizotoka ndani ya nchi hizo. Ni hivyo tu. Haiondoi TVA, ambayo kwetu ni 16% kwa bidhaa zinazoilipa. Haiondoi malipo ya usafi wala ya vipimo. Na uzito wote uko kwenye neno «zilizotoka». Nyanya iliyolimwa Rwanda imetoka ndani ya COMESA, ambamo Kongo na Rwanda wote ni wanachama. Mchele wa Asia ulioshuka bandari ya Dar es Salaam, ukapita Kigali, ukauzwa Gisenyi, haukuzaliwa Rwanda hata kama gunia lilinunuliwa pale. Huo unalipa ushuru.

Ndiyo sababu mama wawili wanaweza kuvuka saa ileile, mmoja asilipe ushuru na mwenzake alipe. Huyu wa pili atasema ameonewa. Pengine hakuonewa. Pengine ameonewa kweli, maana wapo wanaojua kutumia giza la maneno. Bila kujua neno linaahidi nini, hawezi kutofautisha, na feza yake inapotelea hapo hapo.

Kuna maneno mengine tunayoyachanganya kila siku. Eneo huru la biashara ni hilo nililoeleza: kila nchi inabaki na ushuru wake kwa bidhaa za mbali. Umoja wa forodha unakwenda hatua moja zaidi: wanachama wote wanatoza ushuru uleule kwa kitu kinachotoka nje, kwa mfano China. Soko la pamoja linaongeza watu, kazi na mitaji. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza umoja wa forodha mwaka 2005, ikaanza soko la pamoja mwaka 2010. Kongo ilitia sahihi kuingia tarehe 8 Aprili 2022, kule Nairobi. Siku hiyo magazeti yetu yaliandika «mipaka imefunguliwa». Mwezi wa Juni mwaka uleule, mpaka wa Goma na Gisenyi ukawa unafungwa saa tisa mchana kwa sababu ya vita. Sahihi inawekwa kwa dakika moja. Kubadilisha kazi ya meza ya mpakani kunaweza kuchukua miaka, na mimi pia sikuliandika hilo vizuri wakati ule.

Halafu kuna neno magendo. Jirani zetu wanasema «magendu», na hapo tunaelewana bila mkalimani. Lakini angalieni linavyogeuka likivuka bariyeri. Nguo za mitumba zinauzwa Goma mchana kweupe, hakuna anayeshangaa. Rwanda ilipandisha ushuru wake mwaka 2016, kutoka senti 20 za dola hadi dola 2 na nusu kwa kilo. Furushi lilelile likivuka kwa siri sasa ni magendo. Mfuko wa plastiki hapa unafungia sukari, pale umekatazwa tangu 2008. Kitu hakikubadilika, sheria ndiyo iliyobadilika. Simtetei anayeficha mali. Ninasema tu kwamba tusimwite mama mhalifu kabla ya kumwambia mstari umepita wapi.

Nchi hii ina sababu yake ya kuogopa neno «huru». Tarehe 26 Februari 1885, wakubwa wa Ulaya waliokutana Berlin waliandika kwamba biashara ya mataifa yote itakuwa huru kabisa katika bonde la Kongo, na wakakataza mtu yeyote kupewa biashara peke yake. Waingereza wakaiita nchi yetu Kongo Huru. Miaka 6 baadaye, mwaka 1891, Leopold wa Pili aliagiza kwamba pembe za ndovu na mpira wa msituni ni mali ya serikali yake. Babu zetu hawakuuza mpira. Waliulipa kama kodi, kwa nguvu, na wengi kwa maisha yao. Ile ndiyo biashara huru ya kwanza kuandikwa kwa jina letu. Hakuna hata Mkongomani mmoja aliyeulizwa neno hilo lina maana gani.

Leo hali ya mji inalifanya swali liwe gumu zaidi. Tangu mwisho wa Januari 2025 Goma iko mikononi mwa AFC/M23, mabenki yamefunga milango, na wengi wamevuka Gisenyi hata kwa kutafuta feza zao wenyewe. Aliyetia sahihi Nairobi siye anayekusanya mpakani. Mama wa nyanya hawezi kungoja wakubwa wamalize mambo yao: nyanya zinaoza kwa siku tatu.

Kwa hiyo ninachoomba ni kidogo, na yeyote anayeshika meza anaweza kukifanya. COMESA ina mpango kwa wafanyabiashara wadogo, ambao kwetu unaitwa RECOS: orodha ya bidhaa zisizolipa ushuru na karatasi fupi ya kuonyesha zimetoka wapi. Orodha hiyo ibandikwe kwenye Petite Barrière, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa. Katiba ya 2006 inataja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, kwa hiyo si kuomba zawadi. Pembeni yake yaandikwe malipo yanayobaki, kila moja na bei yake na jina la huduma inayoyapokea. Agizo la Machi 2002 liliruhusu huduma nne tu mpakani: forodha, uhamiaji, OCC na usafi. Anayeomba feza bila kuwa mmoja wao, aombwe kitansi kwanza.

Sisi waandishi tuanze na sentensi zetu. Nimerudi mara mbili pale bariyeri na maelezo haya kwenye karatasi, kwa Kiswahili. Yule mama sijamwona tena, lakini wenzake wawili waliisoma. Mmoja akauliza kama maharagwe yamo kwenye orodha.