Chipukizi wa michezo wapewe alama mbili

Wahenga walinena kwamba nyota njema huonekana asubuhi. Methali hii hupendwa mno na sisi walimu, hasa tunapowachagua vijana wa kuiwakilisha shule au kaunti katika michezo. Lakini sisi tunaoishi kwenye miteremko ya Mlima Kenya twajua kwamba asubuhi nyingi huku zina ukungu, na kisichoonekana saa kumi na mbili huenda kikang'aa saa nne. Maoni yangu ni kwamba namna tunavyowapima chipukizi wetu katika Meru na Embu inawatupa watoto wengi kabla ukungu haujaondoka.

Kwa miaka mingi nimehudhuria michezo ya shule katika kaunti hizi mbili, mara nyingine nikiwa miongoni mwa walimu wanaoteua timu. Utaratibu unafahamika. Mashindano huanzia kwenye kanda, yakapanda hadi kaunti ndogo, kaunti, eneo, taifa, na hatimaye Afrika Mashariki. Katika kila ngazi walimu huketi kando ya uwanja wakaandika majina. Swali linaloulizwa ni moja tu: nani atatushindia kesho? Kijana wa miaka 18 mwenye misuli iliyokomaa huandikwa upesi. Mvulana wa kidato cha kwanza mwenye miguu myembamba, lakini anayeuona mpira kabla ya wenzake, huambiwa asubiri mwaka ujao. Wengi wao hawarudi mwaka huo ujao.

Naomba msomaji aniwie radhi nikimpeleka mbali kidogo, kwenye mchezo usiojulikana sana kwetu, yaani besiboli ya Marekani. Nchini humo kijana mwenye kipawa haingii moja kwa moja katika ligi kuu. Hupitia ligi ndogo, ngazi baada ya ngazi, na huko huchunguzwa na watu ambao kazi yao ni kupima vipaji. Watu hao hutumia kipimo kinachoanzia 20 hadi 80, ambapo 50 ni uwezo wa kadiri wa mchezaji wa ligi kuu. Hawampi kijana alama moja ya jumla. Humpima jinsi anavyoupiga mpira, nguvu za pigo lake, mbio zake, udakaji wake na urushaji wake, kila jambo peke yake.

Lakini jambo ninalolipenda zaidi katika kipimo hicho ni kwamba kila stadi hupewa alama mbili. Ya kwanza ni ya leo. Ya pili ni ya siku za usoni, yaani kiwango ambacho mpimaji anaamini kijana atakifikia akikomaa na akifundishwa vyema. Kijana wa miaka 17 anaweza kuandikiwa 30 kwa leo na 60 kwa kesho, naye mwenzake wa miaka 23 akaandikiwa 45 na 45. Ukitaka kushinda mechi ya Jumamosi, utamchagua wa pili. Ukitaka kujenga timu ya miaka kumi, utamtafuta wa kwanza. Sisi huandika alama ya leo pekee, kisha tukaiita kipaji.

Hata wapimaji hao waliobobea hukosea. Mwaka 1988 Mike Piazza alichaguliwa katika mzunguko wa 62, wakati mamia kwa mamia ya vijana walikuwa wameshatajwa mbele yake, tena kwa hisani ya rafiki wa babake. Mwaka 2016 jina lake liliingia katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huo. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alitia sahihi mkataba na klabu ya Pittsburgh Pirates mwaka 2008, akakaa katika ligi ndogo karibu miaka tisa, na Aprili 2017 akawa mzaliwa wa kwanza wa bara letu kucheza katika ligi kuu. Endapo waliomsimamia wangekuwa na subira ya muhula mmoja kama yetu, jina hilo lisingejulikana.

Kuna hoja ya mwili na umri pia. Katika miaka ya 1980 watafiti nchini Canada waligundua kwamba wachezaji wengi wa magongo ya barafu waliofika mbali walizaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka. Sababu yake haikuwa nyota wala uchawi. Watoto walipangwa kwa mwaka wa kuzaliwa, na aliyezaliwa Januari alimzidi wa Desemba kwa takriban miezi 12 ya kukua. Mwalimu alidhani anaona kipaji, kumbe anaona umri. Tofauti hiyo ya miezi ikimshinda mtaalamu, itatushinda sisi pia, ambao darasani mwetu wanafunzi wa kidato kimoja hutofautiana kwa miaka miwili au mitatu.

Nao udanganyifu wa umri ni kidonda kibaya zaidi. Majirani zetu wa Uganda walionja uchungu wa shaka juu ya umri mwaka 2011. Timu ya watoto kutoka Kampala ilishinda mashindano ya besiboli huko Poland, ikafuzu kwenda fainali za dunia za Little League mjini Williamsport, Marekani. Watoto hao walinyimwa viza kwa sababu ya hitilafu katika stakabadhi za umri. Mwaka uliofuata timu ya Lugazi ilikuwa na karatasi zinazokubalika, ikasafiri, na hata ikaishinda timu ya Oregon kwa 3-2. Miaka kumi baadaye, mwaka 2022, Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male, walitia sahihi mikataba na Los Angeles Dodgers. Kipaji kilikuwapo tangu hapo. Kilichohitajika ni kipimo ambacho watu wangekiamini.

Hapa kwetu kuna dhuluma nyingine ambayo haitajwi sana: wapimaji hawafiki kila mahali. Mtoto anayesoma karibu na Kinoru mjini Meru, au karibu na uwanja wa Moi mjini Embu, huonekana mara kwa mara. Mwenzake wa shule ya kutwa kule Ishiara au sehemu kame za Tigania huonekana siku moja tu kwa mwaka, pengine akiwa hajatia kitu tumboni, na timu yake ikishindwa katika mechi ya kwanza, basi faili lake limefungwa. Tunamlinganisha kwa dakika 40 na mtu aliyetazamwa kwa miaka minne.

Nafahamu majibu ya walimu wenzangu. Mkuu wa shule anataka kikombe, wazazi wanataka alama za mtihani, na fedha za michezo ni chache. Yote hayo ni kweli. Hata hivyo, ninachopendekeza chagharimu daftari moja. Kila mwalimu wa michezo aandike mwezi na mwaka wa kuzaliwa wa mchezaji, kimo chake, na alama mbili kwa kila stadi, ya leo na ya kesho, mara moja kila muhula. Daftari hilo limfuate mtoto akihama shule. Kila timu ya kaunti ndogo itenge angalau nafasi mbili kwa vijana walioteuliwa kwa alama ya kesho. Na wateuzi wa kaunti wawazuru watoto wa mbali shuleni mwao, badala ya kuwangojea mjini.

Haya yanahitajika sasa kuliko zamani. Mtihani wa KCPE, uliompima mtoto kwa siku chache, ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Mtaala wa umilisi umeifanya sanaa na sayansi ya michezo kuwa mojawapo ya mikondo mitatu ya sekondari pevu. Tukiingia katika mkondo huo na kipimo kile kile cha zamani, tutakuwa tumebadilisha jina la mtihani tu.

Nanyi wanafunzi, msiichukue orodha ya mwalimu kama hukumu. Inaeleza ulivyokuwa siku ile, mbele ya macho yale. Aliye juu asilale, na aliyeachwa aulize ameachwa kwa stadi gani. Ana haki ya kujibiwa.

Mkulima wa kahawa wa Runyenjes au Imenti haung'oi mche kwa kuwa mwaka wa kwanza haukuzaa. Huupalilia akijua kwamba atasubiri miaka mitatu hivi kabla ya kuchuma. Watoto wetu wanastahili subira isiyopungua hiyo tunayoipa miche.