Chesi isiishie kwenye ubao

Kila mgeni akifika kituo chetu cha vijana hapa Nakivale na kutukuta tunacheza chesi, swali ni lile lile: mmeshaangalia Queen of Katwe? Ndiyo, tumeangalia, mpaka flashi yenyewe imechoka. Phiona Mutesi alikuwa anauza mahindi Katwe, kule Kampala. Alivutwa na uji kwenye programu ya kocha Robert Katende, akabaki kwa sababu ya chesi, na mwaka 2012, baada ya Olimpiadi ya Istanbul, akapata cheo cha WCM kutoka FIDE. Filamu ikatoka 2016. Ni hadithi ya kweli na tunaipenda.

Lakini hii hadithi imeanza kutuumiza, na kosa ni letu pia. Sisi wenyewe tumeitumia kuwaita wadogo: njoo ujifunze, siku moja utapanda ndege. Mwaka jana kijana wetu mmoja hodari sana, Mkongomani wa miaka 17, aliitwa kwenye mashindano nje ya Uganda. Hati ya kusafiria haikutoka kwa wakati. Mashindano yakapita, yeye akarudi shambani kupalilia maharage na mama yake, na kwa wiki nyingi hakugusa ubao. Tungemwambia nini? Njia tuliyomwonyesha ilikuwa moja tu, nayo inapita mpakani.

Ndiyo maana tunataka kuongea habari za mzee mmoja ambaye huku kwetu hakuna anayemtaja. Anaitwa Mikhail Botvinnik, Mrusi, aliyezaliwa 1911. Alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1948. Akanyang'anywa ubingwa 1957, akaurudisha 1958. Akanyang'anywa tena 1960, akaurudisha 1961, mpaka 1963 ukaondoka moja kwa moja. Muda wote huo alikuwa na kazi yake nyingine: injinia wa umeme, mwenye udaktari kabisa. Mwaka 1970 aliacha mashindano. Wengine wakifika hapo wanabaki kusimulia mechi za zamani. Yeye alikaa chini na wenzake kuandika programu ya kompyuta, wakaiita Pioneer.

Alichotaka ni hiki. Mbuzi wako akipotea hapa Nakivale, kuna namna mbili za kumtafuta. Unaweza kupita nyumba kwa nyumba, Base Camp, Juru, Rubondo yote, bila kuruka mlango. Au unakaa kidogo unafikiri: huyu mbuzi anapenda nini, jana alikula wapi, shamba la nani halina uzio. Kompyuta nyingi za chesi zilifuata namna ya kwanza. Botvinnik alitaka mashine ifikiri kama yule mwenye mbuzi, iangalie njia chache tu zenye maana, kama bingwa anavyofanya kichwani.

Hakufanikiwa. Alihangaika na Pioneer zaidi ya miaka 20, na haikuwahi kufika kiwango cha kushindana na mabingwa. Alikufa 1995. Miaka miwili baadaye, pale New York, mwanafunzi wake mwenyewe Garry Kasparov alifungwa na Deep Blue ya kampuni ya IBM, pointi 3.5 kwa 2.5. Ile mashine ilikuwa inapita nyumba kwa nyumba kweli kweli: mikao milioni 200 ya ubao kwa sekunde moja.

Mtu atasema basi huyo mzee alipoteza muda. Sisi hatukubali. Fikra zile zile za Pioneer alizipeleka kwenye kupanga matengenezo ya vituo vya umeme nchini kwake. Na kazi yenyewe, ya kujiuliza "mimi ninachaguaje?" mpaka uweze kuiandika, ndiyo tunayoitaka hapa. Hiyo haiombi viza.

Na isemwe haiwezekani kwa sababu hakuna kompyuta. Alan Turing, yule Mwingereza, aliandika programu ya chesi kabla hajapata mashine ya kuiendesha. Mwaka 1952 alicheza kwa karatasi dhidi ya mwenzake, akifuata maagizo yake mwenyewe kama mashine, karibu nusu saa kwa kila hatua. Alipoteza. Tulipolisikia hilo tukalijaribu. Tuliandika kanuni sita kwenye daftari: malkia pointi 9, ngome 5, farasi na askofu 3, askari 1, kula chochote chenye pointi nyingi. Yule kijana wa hati ya kusafiria ndiye alikuwa mashine, amekatazwa kutumia akili yake. Binti wa Burundi wa miaka 14 alimtegea askari mmoja, mashine ikala, ikapoteza malkia. Watu walicheka mpaka majirani wakaja kuuliza.

Halafu ukaanza ubishi, ubishi mzuri ambao hatujawahi kuusikia kwenye semina yoyote. Tuongeze kanuni gani? Kabla ya kula, angalia nani atakula baada yako. Sawa, lakini hatua ngapi mbele? Giza liliwakuta hapo hapo.

Ndugu zetu wa mashirika, asanteni kwa mbao za chesi, hilo tunalisema kwa moyo. Tunajua hata chakula kimepunguzwa na hatuombi mambo makubwa. Ila mkiandika mradi unaofuata, msiandike tena mashindano, fulana na picha peke yake. Kompyuta zilizozeeka kwenye ofisi zenu za Mbarara, hata tatu tu, na mtu wa kuja Jumamosi kutufundisha kuandika programu. Pale mjini kuna chuo kikuu kizima cha sayansi na teknolojia, hakuna mwanafunzi hata mmoja wa kujitolea? Stockfish, moja ya programu zenye nguvu kuliko zote za chesi leo, ni ya bure, na maandishi yake yako wazi kwa yeyote kuyasoma.

Chumba tunacho, na ufunguo anao yule kijana. Daftari limefika kanuni ya 11, na hiyo bado wanagombana: mashine ifanye nini ikiona inashindwa, ikubali au iendelee kucheza. Binti wa Burundi ameikatalia kabisa sehemu ya kukubali.