Amplifaya iliungua kwa kukosa Kiswahili

Kuna makosa ambayo msomi huyatenda kwa kutojua, na kuna mengine ambayo huyatenda kwa kudhani kuwa anajua. Haya ya pili ndiyo mabaya zaidi, kwani aghalabu adhabu yake humwangukia mtu asiye na hatia. Leo naungama kosa la namna hiyo, kisha nitatoa rai ambayo naamini inawahusu Wakenya wengi.

Mwaka jana, tulipokamilisha ujenzi wa nyumba yetu, mimi na mke wangu tulikata shauri kutia spika darini katika vyumba vinne. Msomaji atakuwa ameziona nyumba hizi za kisasa zinazotii simu: mtu hugusa kioo cha simu yake, na taarifa ya habari ikamfuata kutoka sebuleni hadi jikoni. Nilifika katika duka moja jijini Nairobi, mwuzaji akanionyesha amplifaya ambayo kasha lake liliandikwa wati 2000 kwa tarakimu nene. Sikuuliza swali la pili. Nililipa, nikamkabidhi fundi.

Fundi alipitisha nyaya, akaunganisha spika 8, mbili kwa kila chumba, kwenye mashine hiyo moja yenye chaneli mbili. Kwa majuma matatu tulistarehe. Siku tulipopata wageni sauti ilipandishwa, na kabla ya chakula kuandaliwa nyumba ikajaa harufu ya plastiki iliyoungua. Mashine ilikuwa imekufa. Nami, bila kusita, nilimtwika fundi lawama zote na kuzuia salio la ujira wake.

"Mwalimu," aliniambia kwa upole, "kile kitabu chake nilikuletea ukisome. Ukaniambia niendelee tu."

Alisema kweli. Usiku ule nilikifungua kijitabu hicho, na katika kurasa za mwanzo nikakuta onyo, kwa Kiingereza, kwamba chaneli yoyote isiunganishwe na spika ambazo ukinzani wake kwa jumla ni chini ya omu 4. Nilijua kila neno la sentensi ile, na maana yake sikuielewa. Ilinilazimu kumwendea mwenzangu wa idara ya fizikia, mimi mwenye shahada ya uzamifu katika taaluma ya lugha, nikaketi kama mtoto wa shule ya msingi.

Alinifafanulia hivi. Kila spika hukinza mkondo wa umeme kwa kiasi fulani, na spika nyingi za darini katika nyumba zina ukinzani wa omu 8. Ukiunganisha mbili sambamba kwenye chaneli moja, ukinzani hushuka hadi omu 4. Ukiunganisha nne, kama tulivyofanya sisi, hushuka hadi omu 2. Kadiri ukinzani unavyopungua ndivyo mashine inavyolazimika kutoa mkondo mwingi zaidi, mithili ya pampu moja ndogo iliyofunguliwa mifereji minne kwa pamoja. Sauti ikiwa ya chini, mashine huvumilia. Ikipandishwa, huchemka.

Na zile wati 2000? Mwenzangu alicheka. Tarakimu za makasha mengi hutaja nguvu za kilele, ambazo mashine huweza kuzitoa kwa muda mfupi mno. Mnunuzi aulize wati za kudumu, tena kwa ukinzani wa omu ngapi. Aidha, sikio haliongezi hesabu kama karani wa benki. Ukizidisha wati mara mbili, sauti huongezeka kwa desibeli 3 pekee, tofauti ambayo msikilizaji huitambua kwa kuhisi kidogo tu. Ili isikike kama imeongezeka maradufu, huhitajika takriban wati mara 10. Spika ya kawaida ya darini ikipewa wati 1 hutoa sauti ya desibeli zipatazo 88 kwa umbali wa mita 1, ilhali mazungumzo ya watu wawili ni kama desibeli 60. Kwa chumba cha kulala, basi, wati 30 au 50 za kudumu zinatosha na kusaza.

Kumbe nilichohitaji ni mashine yenye chaneli 8, kila spika na chaneli yake, au amplifaya ndogo ya chaneli mbili kwa kila chumba. Alinishauri vilevile nitenganishe amplifaya na kile kijisanduku kinachonasa intaneti. Amplifaya nzuri huweza kudumu miaka mingi, lakini programu za vijisanduku hivi huzeeka upesi, na kampuni ikiacha kuzihudumia, mwenye kununua vyote viwili katika kasha moja hubaki na chuma tu.

Elimu yote hiyo ilinichukua nusu saa, tena kwa Kiswahili. Hapa ndipo rai yangu inapoanzia. Fundi wangu ana mikono stadi na akili pevu. Angaliweza kuyaelewa haya haraka kunishinda mimi. Kilichomzuia ni karatasi iliyoandikwa kwa lugha ambayo haitumii kazini.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi kikamilifu bidhaa anayoinunua. Nauliza: habari isiyoeleweka ni habari? Vifungu hivi viwili vikisomwa pamoja, sioni ni kwa hoja gani mashine ya umeme inaingizwa nchini na kuuzwa bila hata ukurasa mmoja wa maonyo kwa Kiswahili.

Watakuwepo watakaosema kwamba watengenezaji wako ng'ambo na soko letu ni dogo. Hoja hiyo haina mashiko. Vijitabu hivyohivyo mara nyingi huwa na kurasa za Kifini, lugha ya watu wapatao milioni 5, kwa sababu masoko ya Ulaya hudai maelezo ya usalama yatolewe kwa lugha ambayo mnunuzi wa nchi husika anaielewa. Kiswahili, kwa makadirio ya UNESCO, kina wasemaji zaidi ya milioni 200. Wenzetu walipewa kwa kuwa walidai.

Hata hivyo, tusiwatupie wageni na serikali lawama zote. Sisi wanaisimu tuna sehemu yetu. Neno "kipaza sauti" hutumiwa kwa chombo cha kusemea na pia kwa chombo cha kutolea sauti, na "spika" ni kifaa cha darini na vilevile ni kiongozi wa Bunge. Tumeandika makala za kitaaluma kuhusu utata huu, tukazisoma sisi kwa sisi katika makongamano. Tangu mwaka 2022 tumekuwa tukiadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani kila Julai 7 kwa mashairi na hotuba. Ni vyema. Lakini ni wangapi kati yetu waliowahi kuketi na mafundi wa umeme katika vibanda vyao, wakasikiliza maneno wanayoyatumia, wakayaandika? Istilahi ambayo haijafika kwa fundi haijazaliwa bado.

Napendekeza mambo mawili. Shirika la kukadiria ubora wa bidhaa, KEBS, lidai ukurasa wa maonyo kwa Kiswahili katika kila kifaa cha umeme kinachoingia nchini. Nazo idara za Kiswahili na za uhandisi katika vyuo vyetu zishirikiane kuuandika, ili pasiwe na kisingizio.

Fundi nilimlipa salio lake, nikamwomba radhi mbele ya mke wangu, kwani ni mbele yake nilipomfokea. Aliporudi kufunga mashine mpya, tuliketi mezani tukafasiri ukurasa wa maonyo. Mimi nilipendekeza "ukinzani", yeye akasema mafundi wenzake wataelewa zaidi wakiambiwa "mzigo wa spika". Tuliandika yote mawili. Karatasi hiyo imebandikwa ndani ya mlango wa kabati, mahali ambapo fundi yeyote atakayekuja baada yake ataiona kabla hajagusa waya.