Wachoraji wa Iran Wana Funzo kwa Pwani Yetu

Mtu akisikia kwamba kazi za wachoraji wa Iran zimeonyeshwa New York, huenda akadhani ni watu walioiga Wazungu hata wakasahau kwao. Sivyo. Maonyesho ya Asia Society ya mwaka wa 2013, yaliyokusanya kazi za Wairani za miaka ya 1950 hadi ya 1970, yalidhihirisha kinyume cha hayo. Jambo hili lafaa kufikiriwa na sisi Waislamu wa Pwani.

Miongoni mwa wachoraji hao limo kundi liitwalo Saqqakhaneh, jina walilopewa na mhakiki Karim Emami katika miaka ya 1960. Saqqakhaneh ni mahali pa maji ya sabili kando ya njia, palipowekwa kuikumbuka kiu ya Imam Hussein na watu wake huko Karbala. Mpita njia hunywa maji, huwasha mshumaa, na mwenye haja hufunga kufuli kwa nia yake.

Vijana hao walikuwa wamesomeshwa uchoraji wa Kizungu. Lakini Parviz Tanavoli amesimulia jinsi yeye na Hossein Zenderoudi walivyokwenda kwenye ziara ya Shah Abdol-Azim, kusini ya Tehran, wakakuta picha za dini za bei rahisi zilizonunuliwa na watu wa kawaida. Wasomi walizidharau, wao wakaziona ni hazina. Zenderoudi akajaza turubai zake herufi, tarakimu na vijumba kama vya talasimu. Faramarz Pilaram akatumia mihuri na khati.

Wako watakaouliza: kuandika herufi zisizosomeka, je, si kuyachezea maandishi matukufu? Swali hilo ni la haki. Aya ina heshima na tohara yake, wala haifai kukatwakatwa iwe pambo. Lakini si kila herufi ni aya, na mwenye kuipenda khati hakuitukana.

Na faida yake imeonekana. Mwaka wa 2017, raia wa Iran na wa nchi nyingine za Kiislamu walipozuiwa kuingia Marekani, jumba la MoMA la New York lilitundika kazi za wasanii wa nchi hizo, ya Zenderoudi ikiwamo. Mtu alizuiwa mlangoni. Mchoro ukamsemea ndani.

Sisi je? Siyu, katika kisiwa cha Pate, palikuwa na waandishi wa misahafu ya mkono yenye nakshi za kupendeza. Milango ya Lamu yajulikana duniani. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya Kikufi ya mwaka wa 500 Hijria. Lakini kijana wetu ashikapo brashi, huchora simba na jahazi, kwani mnunuzi wake ni mtalii. Hatumlaumu, hakuna aliyemwonyesha kingine.

Kwa hiyo twasema: madrasa zifundishe khati, si kusoma tu. Wazee wenye misahafu na vyuo vya kale wasivifungie sandukuni vikaliwa na mchwa, wala wasimuuzie mgeni. Wawaite vijana wavione. Wairani hawakwenda mbali kutafuta sanaa yao. Waliikuta penye maji ya sabili. Nasi tutazame kwetu kwanza.